Gunia Moja, Madaftari Manne: Kompyuta na Upangaji wa Rasilimali za Kiwanda

Maisaka ni kata mojawapo ya Mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Huku ni nchi ya mahindi, mbaazi na alizeti. Katika makala haya tunamwomba msomaji afikirie kiwanda kidogo cha kukamua mafuta ya alizeti pale Maisaka. Si kiwanda fulani kinachojulikana kwa jina. Ni mfano tu, nasi tutakipa watumishi wanne: mpokeaji anayepima alizeti mizanini, mtunza ghala, msimamizi wa mashine, na mtunza fedha. Kila mmoja ana daftari lake.

Mkulima analeta magunia 40. Mpokeaji anaandika 40 na kumpa stakabadhi. Mtunza ghala anaona magunia mawili yamelowa, anayaweka kando yakauke, na katika daftari lake anaandika 38. Usiku msimamizi wa mashine anachukua magunia 12 ili mashine isisimame, akikusudia kumwarifu mtunza ghala asubuhi. Asubuhi inafika naye amesahau. Mtunza fedha halipi mpaka apate hati kutoka ghalani, na hati hiyo inasema 38, ilhali stakabadhi aliyoishika mkulima inasema 40. Siku tatu zinapita katika kuyatafuta magunia mawili ambayo wala hayakupotea. Mkulima huyo anadaiwa na vibarua waliomvunia na na mwenye lori aliyembebea. Siku tatu kwake si jambo dogo, na yamkini msimu ujao alizeti yake ataipeleka kwingine.

Hapo hakuna aliyeiba wala aliyedanganya. Kila daftari, likisomwa peke yake, lina ukweli wake. Kasoro ni kwamba tukio moja limeandikwa mara nne, na watu wanne, kwa nyakati nne, na kila mmoja kwa maana yake mwenyewe. Viwanda vikubwa vya Ulaya na Marekani vilisumbuliwa na jambo hili hili, isipokuwa huko madaftari yalikuwa mia na watumishi maelfu.

Tukio moja, andiko moja

Programu za kompyuta tunazokusudia kuzieleza hujulikana duniani kwa herufi tatu, ERP, na maana yake ni upangaji wa rasilimali za shirika. Rasilimali hapa ni vitu vyote ambavyo shirika haliwezi kufanya kazi bila hivyo: malighafi, mitambo, saa za wafanyakazi, fedha, na hata ahadi ambazo wateja wamepewa. Mtu akisoma matangazo ya wauzaji wa programu hizo huenda akadhani ni kitu cha miujiza. Kwa kweli msingi wake ni mmoja nao ni rahisi kuutaja, ijapokuwa si rahisi kuutekeleza: kila tukio liandikwe mara moja tu, mahali lilipotokea, na mtu aliyelishuhudia, kisha wengine wote walisome andiko hilo hilo.

Turudi Maisaka. Mpokeaji anaandika kwenye kompyuta kwamba amepokea magunia 40, mawili yakiwa yamelowa. Papo hapo mtunza ghala anaona magunia 38 tayari kwa kazi na 2 yanayosubiri kukauka. Msimamizi wa mashine anaona kwamba leo kuna malighafi ya kutosha. Mtunza fedha anaona kwamba kiwanda kina deni kwa mkulima fulani, kiasi fulani, na kwamba hati ya malipo iko tayari. Hakuna aliyebeba karatasi kutoka chumba kimoja hadi kingine. Taarifa imekaa mahali pamoja, katika kile tunachokiita hifadhidata, na kila mtumishi anaitazama kupitia dirisha lake.

Mwanafunzi wa somo la uhasibu atauliza hapa, na atakuwa na haki: je, hatukufundishwa kwamba kila muamala huandikwa mara mbili, upande wa debiti na upande wa krediti, kama alivyoeleza mtawa wa Italia Luca Pacioli katika kitabu chake kilichopigwa chapa Venice mwaka 1494? Ndivyo. Ila maandishi hayo mawili huzaliwa na tukio moja, na kompyuta huyaandika yote mawili yenyewe. Binadamu huandika mara moja. Leja huongezewa alizeti ghalani upande mmoja na deni la mkulima upande wa pili, nazo haziwezi kupishana.

Lakini kabla ya hayo yote watumishi wetu wanne hawana budi kukubaliana kuhusu jambo ambalo kompyuta haiwezi kuwaamulia: gunia ni nini? Kila mkazi wa Babati anaijua lumbesa, gunia lililojazwa hata likaota kichwa. Kwa mpokeaji lumbesa ni gunia moja. Kwa mashine ni gunia moja na ziada yake. Kompyuta haijui maneno ya mtaani. Itadai kipimo kimoja, kwa mfano kilo, na itadai kila kitu kiwe na jina moja na namba yake moja: alizeti ghafi, alizeti iliyopepetwa, mafuta, mashudu, dumu tupu, kizibo. Wataalamu walioweka mifumo ya namna hii watakuambia kwamba kazi hii ya kuvipa vitu majina huchukua muda mrefu kuliko kazi ya kuifunga mitambo yenyewe. Nami naamini kwamba sehemu kubwa ya faida hupatikana hapo, hata kabla kompyuta haijawashwa.

Hesabu ya madumu mia

Sasa tuone neno upangaji linatoka wapi. Mfanyabiashara anaagiza madumu 100 ya mafuta, kila dumu lita 20. Je, kiwanda kiahidi? Lita 2,000 za mafuta ya alizeti, kwa kuwa lita moja ina uzito wa karibu kilo 0.92, ni kilo 1,840. Tuseme mashine yetu hutoa kilo 28 za mafuta katika kila kilo 100 za mbegu. Kiwango hiki hutofautiana sana kwa aina ya mbegu na kwa mashine. Hivyo tunahitaji kilo 6,571 za alizeti. Kama gunia letu tumekubaliana liwe la kilo 65, hayo ni magunia 101 na kidogo, yaani 102.

Mtunza ghala anasema ana magunia 70. Mtu wa haraka atasema, basi yapungue 32 tu. Lakini magunia 25 kati ya hayo yamekwisha kuahidiwa kwa kazi ya mteja mwingine, kwa hiyo yaliyo huru ni 45, na yanayotakiwa kununuliwa ni 57. Ikiwa kuyapata kunahitaji siku tatu na kukamua kunahitaji siku mbili, basi mteja anayetaka mafuta yake Jumamosi asubuhi ni lazima magunia hayo yaagizwe asubuhi ya Jumatatu. Programu huhesabu hivyo kwenda mbele na kurudi nyuma, si kwa mbegu tu bali kwa madumu, vizibo, umeme na mtu wa zamu. Tena huhesabu upya kila agizo linapobadilika. Kadhalika huonyesha kwamba kazi hiyo itaacha zaidi ya tani 4 za mashudu, ambazo wafugaji wanaweza kuarifiwa mapema wajiandae kununua.

Hesabu hizi si ngumu. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaziweza. Ugumu uko katika wingi wake, na katika kujua kwa hakika ile namba 25 ya magunia yaliyoahidiwa. Katika kiwanda cha madaftari manne namba hiyo imo kichwani mwa mtu mmoja, naye leo yuko msibani Magugu.

Mhandisi aliyeieneza hesabu ya namna hii ni Joseph Orlicky, mzaliwa wa Chekoslovakia aliyehamia Marekani na kufanya kazi katika kampuni ya IBM. Kiwanda cha Black & Decker kiliitumia kwa kompyuta mwaka 1964, na kitabu cha Orlicky kilitoka mwaka 1975. Wakati huo huo, mwaka 1972, wahandisi watano waliotoka IBM nchini Ujerumani walianzisha kampuni ya SAP, wakiwa na wazo kwamba hesabu za fedha na hesabu za ghala ziwe katika programu moja. Mteja wao wa kwanza alikuwa kiwanda cha nailoni cha ICI pale Östringen. Jina ERP lenyewe lilikuja baadaye, mwaka 1990, likatolewa na kampuni ya utafiti ya Gartner ya Marekani.

Hazina na kompyuta yake

Wapo wanaodhani kwamba mambo haya kwetu ni mageni. Sivyo hata kidogo, na historia yetu ina funzo ambalo nchi nyingi hazina. Kompyuta ya kwanza nchini ilisimikwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, mashine ya aina ya ICT 1500. Miaka michache baadaye ikaletwa mashine kubwa zaidi, na Serikali ikajaribu kuzihamishia humo hesabu zake. Jaribio hilo lilishindwa vibaya. Hesabu zilivurugika, fedha zikapotea, na watumishi wa Hazina wakarudia kalamu na vitabu vya leja. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta pamoja na televisheni kutoka nchi za nje, na kwa miaka mingi iliyofuata aliyetaka kompyuta ilimbidi aombe kibali maalumu.

Wengi huicheka marufuku ile leo. Mimi siicheki. Ni kweli kwamba ilichelewesha elimu ya kizazi kizima, na vyuo vyetu vilibaki nyuma. Lakini chanzo chake hakikuwa woga wa mitambo. Mashine ilikuwa ikifanya kama ilivyoamriwa. Kilichokosekana ni wananchi wenye ujuzi wa kutosha wa kuiendesha, na utaratibu wa kazi ambao mashine ingeufuata. Ukiweka kompyuta juu ya utaratibu uliovurugika, utapata vurugu zilezile, ila zitakwenda kasi zaidi.

Mwaka 1998 Serikali ilijaribu tena, na safari hii ilianza na swali lililo dogo na lenye makali. Kabla ya hapo ofisa wa wizara aliweza kuandika hati ya ununuzi kwa mkono na kumpa mzabuni, hata kama katika kifungu chake hakikubaki hata shilingi. Mzabuni alileta bidhaa kwa nia njema. Deni lilijitokeza miezi kadhaa baadaye, na hakuna aliyejua jumla ya madeni ya namna hiyo. Mfumo mpya, uliotumia programu iliyokuja kujulikana kwa jina la Epicor, uliweka sharti kwamba hati ya ununuzi itolewe na kompyuta yenyewe, na kompyuta isiitoe ila iwapo kifungu kina fedha. Fedha hizo zilitengwa siku ile ile ya kuagiza, hazikungoja siku ya kulipa. Msomaji atatambua mara moja kwamba hii ni ile ile hesabu ya magunia 25 yaliyoahidiwa. Kifungu chenye shilingi milioni 70 ambamo milioni 25 zimeahidiwa, kina milioni 45 tu.

Madeni hayakwisha kwa sababu hiyo. Ofisa aliyeagiza kwa mdomo au kwa barua, nje ya mfumo, aliweza bado kuiingiza Serikali katika deni, na kompyuta haikuwa na macho ya kumwona. Hata hivyo njia ilikuwa imefunguliwa. Kuelekea mwaka 2020 Epicor ilianza kupisha mfumo uitwao MUSE, yaani Mfumo wa Ulipaji Serikalini, uliotengenezwa na wataalamu wa hapa hapa nchini. Nchi iliyopiga marufuku kompyuta mwaka 1974 ikawa inaandika programu zake yenyewe.

Walimu wanaosoma makala haya wamekwisha kukutana na mambo haya kazini. Mfumo wa FFARS ulianzishwa mwaka 2017 kwa ajili ya hesabu za fedha za shule na zahanati. Mwaka huo huo ulianza mfumo wa GePG wa kukusanya mapato ya Serikali, ule unaompa mlipaji namba ya kumbukumbu ya malipo. Mwanafunzi aliyelipa kwa namba hiyo ameuona kwa macho yake ule msingi tuliousema: namba moja kwa tukio moja. Benki, simu ya mkononi na ofisi inayodai husoma namba hiyo hiyo, na karani hana haja ya kunakili jina la mlipaji katika kitabu cha pili.

Chokoleti zisizoonekana

Mwaka 1999 kampuni ya Hershey, watengenezaji wa chokoleti wa Marekani, iliwasha mfumo mpya uliogharimu dola milioni 112. Iliuwasha mwezi Julai, wakati maagizo ya sikukuu ya Halloween, ambayo watoto wa huko hukusanya peremende, yalikuwa yanaanza kumiminika. Kampuni ikashindwa kupeleka bidhaa zenye thamani ya karibu dola milioni 100. Chokoleti zilikuwapo. Ilielezwa baadaye kwamba kiwanda kilikuwa na desturi ya kuweka ziada katika vyumba vya pembeni msimu unapopamba moto, na vyumba hivyo havikuandikishwa katika mfumo. Watumishi wa zamani walivijua. Kompyuta haikuvijua, na sasa kompyuta ndiyo iliyokuwa ikitoa amri.

Hii ndiyo hatari ya mifumo unganishi. Katika kiwanda cha madaftari manne kosa la mpokeaji hubaki kwa mpokeaji mpaka mwenzake atakapoliona. Katika mfumo mmoja, akibonyeza 400 badala ya 40, ndani ya dakika moja ghala limejaa magunia ya hewa, mashine imepangiwa kazi ya wiki nzima, na mkulima ameandikiwa malipo mara kumi. Ndiyo maana mifumo mizuri huwekewa vizuizi: namba inayozidi kiasi fulani huhitaji idhini ya mtu wa pili, aliyepokea mzigo haruhusiwi kuidhinisha malipo yake, na hakuna andiko linalofutika. Likikosewa husahihishwa kwa andiko jingine, na yote mawili hubaki yakiwa na jina la mwandishi na saa yake.

Niliwahi kuzuru kampuni moja, ambayo sitaitaja, ili kuona mfumo wake mpya. Mtunza ghala alinionyesha kila kitu kwa fahari kwenye kioo cha kompyuta. Nilipomuuliza idadi ya bidhaa fulani, alifungua mtoto wa meza na kutoa daftari la zamani. Hakuuamini mfumo, kwa hiyo hakuulisha taarifa kwa wakati. Na kwa kuwa hakuulisha, haukustahili kuaminiwa. Wakubwa wake walikuwa wamelipia mfumo huo fedha nyingi na kumfundisha yeye siku mbili tu.

Je, kiwanda cha Maisaka kinunue?

Kwa maoni yangu, bado. Kiwanda chenye watumishi wanne kinaweza kukaa na kuamua kipimo cha gunia, kuvipa vitu vyake namba, na kuweka kitabu kimoja mezani, au jedwali moja katika kompyuta moja, ambamo kila tukio litaandikwa siku ile ile. Hilo halina gharama kubwa. Kikikua kikawa na ghala la pili Magugu au duka Arusha, hapo kitabu kimoja hakitoshi, kwa sababu hakiwezi kuwa mahali pawili. Siku hiyo zipo programu huria, kama vile ERPNext ya India na Odoo iliyotoka Ubelgiji, ambazo mtu anaweza kuanza nazo bila kulipia leseni. Atalipia mtaalamu, mtandao na muda wa kujifunza.

Faida atakazozipata ni za aina ambayo haionekani kwa urahisi katika matangazo. Dumu moja likirudishwa na mteja kwa kuwa mafuta yameharibika, namba ya dumu itamwonyesha siku lilipojazwa, magunia yaliyokamuliwa siku hiyo, na kama yalikuwamo yale mawili yaliyolowa. Hatalazimika kuyaita madumu yote mia. Atajua gharama halisi ya lita moja, badala ya kuipanga bei kwa kumtazama jirani. Akienda benki kuomba mkopo wa mashine ya pili atakuwa na hesabu za misimu mitatu za kuonyesha. Zaidi ya yote, fedha yake haitalala ghalani katika magunia ambayo hayakuwa na haja ya kununuliwa mwezi ule. Naye mkulima wa magunia 40 atalipwa siku ile ile kwa yale 38, na kuambiwa waziwazi lini yale mawili yatapimwa tena.

Jaribio la darasani

Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili bila kompyuta hata moja. Achukue makopo matatu na mbegu za maharage, kila mbegu iwe gunia. Wanafunzi wanne wakae pembe nne za darasa, kila mmoja na daftari lake, na watu wawili wawe wapagazi wa kuhamisha mbegu kutoka kopo hadi kopo. Mwalimu asome matukio 30 kwa haraka, mengine kwa sauti, mengine kwa kumnong'oneza mwandishi mmoja tu, kama inavyotokea kazini. Kisha madaftari yalinganishwe, na mbegu zihesabiwe. Raundi ya pili, matukio hayo hayo yaandikwe ubaoni, mahali pamoja, kila moja na yule anayehusika.

Raundi ya tatu ndiyo inayozua mjadala. Mwalimu apatane kwa siri na mmoja wa waandishi wa ubaoni aandike 61 mahali palipo na 16. Ubao utabaki safi, jumla zitakubaliana, wala hakuna daftari la pili la kupingana nao. Darasa halitagundua lolote mpaka atumwe mwanafunzi mmoja kwenye makopo akazihesabu mbegu kwa mkono.